Somo: Nyumba Haijatiwa Sokoni Bado, Waruhusiwa Kusema Nini?

Assalaam aleikum na hamjambo nyote. Somo la leo nimelichelewesha, na wiki hii limenilazimu. Watu watatu wameniletea picha ya nyumba moja ile ile ya mtaa wa Tudor, hapa Mombasa, Kenya, kila mmoja na maneno yale yale: "Itauzwa karibuni, usimwambie mtu." Watu watatu, bei tatu. Mwenye nyumba nilipompigia simu hakuwa na habari kwamba picha zake zinazunguka.

Jambo ninalotaka lishikwe ni hili: ukishamtumia picha mtu mmoja, mauzo yameanza. Neno "bado haijatoka" halizuii kitu. Kwa hivyo makaratasi yatangulie picha, hata kama mteja anakusukuma.

Nimejifunza kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja aliniletea nyumba ya babake huko Makupa niiuze. Nilipiga picha Alhamisi, nikamtumia mteja mmoja tu niliyemwamini. Jumatatu nikakuta ukuta wa mbele umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Walioandika ni dada zake wawili. Baba alikuwa ameshafariki, mirathi haijafunguliwa, na mteja wangu alikuwa ameshampa kijana arubuni, pesa ya kushikilia nyumba, mkononi, bila risiti. Kuirudisha pesa ile kulichukua zaidi ya mwaka, na haikurudi yote. Tangu siku hiyo nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua ni ya nani, na ni kitu gani hasa

Hapa ndipo kazi ilipo, msipaharakishe. Chukua nakala ya hatimiliki, nenda ofisi ya msajili wa ardhi, ufanye upekuzi rasmi (wengi twaita sachi). Utaona jina la mwenye mali, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mahakama au la mtu anayedai haki. Sachi ya miezi sita iliyopita si sachi, fanya mpya.

Kisha uliza maswali ambayo hati haiyajibu. Mwenye jina yu hai? Kama amefariki, chini ya Sheria ya Urithi ardhi yake haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha mirathi. Waislamu wengi hapa kwetu huanzia Mahakama ya Kadhi, ni sawa, lakini warithi wote wajulikane, wa kike kwa wa kiume. Ana mke au mume? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yataka idhini ya wenzi wote wawili kabla nyumba ya ndoa haijauzwa, nami huuliza kila mara, hata pale mzee anaponikunjia uso. Je, ni wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani? Mali ya wakfu si ya kutangazwa. Makamishna wa Wakfu wana ofisi papa hapa Mombasa, ukiwa na shaka nenda ukaulize.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa bara hushangaa akilisikia: nyumba bila ardhi. Kuta na paa ni za mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi au mwaka mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Mitaa yetu mingi imejengwa hivyo tangu enzi za mababu. Kuitangaza kama nyumba kamili ni kumdanganya mnunuzi.

Hatua ya 2: Ruhusa kwa maandishi

"Nitafutie mtu" ya barazani haitoshi. Andikeni karatasi moja: bei ya chini, kamisheni, muda wa kazi, na hasa lini nyumba iruhusiwe kuonekana na wapi. Mwenye nyumba atie sahihi, pia kwamba ameelewa anachokikosa nyumba ikikaa kimya. Na wewe unayefanya kazi hii kwa malipo, Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, yataka usajiliwe na bodi ya usajili wa mawakala. Sheria hiyo ni ya tangu 1984, hakuna wa kusema imetushtukiza.

Hatua ya 3: Wakati wa kimya, kaa kimya kweli

Mwenye nyumba akisema "nipe wiki tatu nipake rangi na nimalizane na benki," basi wiki tatu hizo hakuna picha, hakuna kuwapitisha watu, hakuna "njoo uone kidogo kwa nje". Tabia inayoniudhi zaidi ni ya dalali anayewaambia watu wote kwamba nyumba haijawa tayari, huku jioni anampitisha rafiki yake ili ainunue rahisi. Mwenye nyumba hapo ameibiwa, kwa sababu hajui wangapi wangeshindania mali yake.

Ukiruhusiwa kusema "inakuja", sema mtaa, aina ya nyumba, idadi ya vyumba na siku itakapofunguliwa. Siku hiyo ikifika, wote waingie.

Hatua ya 4: Pesa isiguswe

Hakuna arubuni wakati wa kimya, hata shilingi elfu moja ya "kushikilia". Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi na sahihi zenye mashahidi. Amana, ambayo kwa kawaida huwa asilimia 10 ya bei, ipitie kwa wakili.

Hatua ya 5: Picha na stara

Piga hodi, ungoje. Wenye nyumba wajitayarishe, wanawake wapate nafasi ya kujisitiri, picha za harusi ziondolewe ukutani. Kama ndani mna mpangaji, muombe yeye pia: vitu vyake na watoto wake si tangazo lako, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data.

Hatua ya 6: Bei na kodi

Mthamini aliyesajiliwa aipime nyumba kabla hujataja bei kwa mtu. Mwambie muuzaji mapema kwamba kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, zamani ilikuwa 5. Aliyeishi mwenyewe katika nyumba hiyo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuihamisha husamehewa. Mnunuzi naye ajue ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani ya mali. Wengi huvunja mauzo wanapokutana na hesabu hizi mwishoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kisauni: Dada, nyumba yangu ni bila ardhi. Nikisema hivyo tangu mwanzo si nitakosa wateja?

Utawakosa wale ambao wangekukimbia baadaye wakiwa wamekasirika, ndugu yangu. Liandike katika mstari wa kwanza. Kabla ya hapo nenda kwa mwenye ardhi, lipa malimbikizo ya kodi, na umuombe barua kwamba atamkubali mnunuzi kama mpangaji wake wa kiwanja. Barua ile yaongeza bei kuliko rangi mpya.

Kutoka Marekani, mzaliwa wa Likoni: Huku wakala wangu aliniambia hawezi kuitangaza nyumba kimya kimya. Kwetu mbona hakuna kanuni kama hiyo?

Kwa sababu sisi hatuna orodha ya pamoja ambamo mawakala wote huingiza nyumba zao. Huko kwenu chama cha mawakala, National Association of Realtors, kilipitisha kanuni mwaka 2019, ikaanza 2020: wakala akishaitangaza nyumba kwa umma, hata kwa kibao uani, ana siku moja ya kazi kuiingiza katika orodha hiyo. Mwaka 2025 wakaongeza nafasi: muuzaji aweza kuchelewesha tangazo lake la mtandaoni kwa muda, lakini atie sahihi kwamba ameelewa anachokikosa. Mimi napenda hiyo sahihi. Ndiyo sababu nimeiweka katika karatasi ya Hatua ya 2.

Kutoka Changamwe: Kakangu ataka tuuze kiwanja cha marehemu baba bila kutangaza, ili shangazi na wengine wasijue. Yawezekana?

Hapana, mwanangu. Kuuza kimya kunaruhusiwa kwa mwenye mali anayetaka faragha, hakuruhusiwi kwa kumficha mwenye haki. Fungueni mirathi kwanza. Shangazi kama si mrithi, mahakama itasema. Kama kuna ndugu mwenye fungu, mnunuzi wenu atajikuta mahakamani naye, nanyi mtafuatwa.

Kutoka Nyali: Na gorofa ambazo hazijajengwa, zinazouzwa kwa michoro tu?

Huko ni kutangaza mapema kupita kote. Omba kuona hati ya kiwanja, kibali cha ujenzi cha kaunti, kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira), na usajili wa mradi kwa NCA (mamlaka ya ujenzi). Uliza kama utapata hati ya gorofa yako mwenyewe, kwani Sheria ya Sehemu za Majengo ya 2020 yaruhusu. Lipa kulingana na ujenzi unavyopanda. Mchoro mzuri wenye bwawa la kuogelea si kibali.

Kutoka Mji wa Kale: Dalali awaambia watu kwamba nyumba yetu yaweza kubomolewa ijengwe gorofa sita. Nyumba ina mlango wa kuchongwa na roshani ya mbao. Hatujamtuma aseme hivyo.

Mwandikieni leo hii aondoe tangazo. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, ujenzi na ubomoaji vina masharti yake, na atakayenunua kwa ahadi ile atawadai ninyi, hatamdai yeye. Wekeni nakala ya barua. Na mlango huo, mama, upigwe picha vizuri siku ya kutangaza ikifika, mchana, jua likiwa upande wa bahari.