Somo: Namna ya kumhesabu mkunga wa Mto Sabaki

Wenzangu, wengi mmeniomba niandike kwa mpango yale tunayoyafanya chini ya daraja la Sabaki, karibu na Malindi, ili na kijiji kingine kiweze kuanza bila kutungoja. Ninasema juu ya mkunga wa mtoni, samaki mrefu kama nyoka, si yule wa mwambani aliye na meno ya kutisha.

Tumjue kwanza. Ulaya miongoni mwa samaki wahamaji wanaohesabiwa yumo trauti. Yule anayehama huzaliwa kwenye changarawe za mto, huteremka baharini kunenepa, kisha hurudi mtoni kutaga. (Trauti walioko Kenya waliletwa na Waingereza, wako kwenye maji ya baridi ya Mlima Kenya na Aberdare, huku kwetu hawafiki.) Mkunga safari yake ni kinyume. Huzaliwa katika Bahari Hindi, kwa maelezo ya watafiti ni mashariki ya Madagaska, akaja na mkondo akiwa bapa kama jani. Akifika mlangoni mwa mto ni kama uzi wa sentimita tano hivi, ukimweka kiganjani unaona mistari ya mkono wako kupitia mwilini mwake. Hupanda Sabaki, akaingia Galana, akaendelea Athi (ni mto ule ule, jina tu hubadilika), akakaa huko miaka kumi au hata ishirini. Siku akikomaa huteremka baharini, hutaga mara moja tu, akafa. Kwa hivyo mkunga mkubwa unayemvua leo akielekea baharini bado hajazaa hata mara moja. Hilo ndilo linalonifanya nisilale.

Hatua ya kwanza: ruhusa na usalama

Ongeeni na BMU ya hapo (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) na ofisi ya uvuvi ya kaunti kabla ya kulowesha mtego. Mtu asiingie majini kwa miguu, mamba na viboko wapo. Mashine ya umeme ya kuzubaisha samaki, wanayobeba mgongoni wahesabuji wa trauti, isahauni. Ile ni ya kijito cheupe cha maji ya magotini. Sabaki ni tope, karibu na mlango maji yana chumvi na umeme hupotea bure, tena bila kibali ni kosa.

Hatua ya pili: malema

Tumieni malema (mitego ya kikapu) kumi, yawe ya ukubwa mmoja, chambo kimoja, na sehemu zile zile kila mwezi. Tegeni jua likizama, inueni baada ya alfajiri. Juu ya maji pabaki kama shubiri moja ya lema, kwani kenge au kobe wa maji akiingia apate pa kuvutia pumzi. Usiku wa giza la mwezi ndio bora. Mkunga hapendi mwangaza.

Andikeni hata lema tupu. Mwaka wetu wa kwanza tuliandika malema yaliyopata tu. Daftari lilijaa, tukafurahi, mpaka tulipotaka kulinganisha mwezi na mwezi tukakuta haiwezekani, kwa sababu hatukujua tulitega mangapi. Kazi ya miezi minane ikaenda na maji. Sasa hesabu yetu ni hii: malema 10 kwa usiku 3 ni mitego 30, tukipata mikunga 12 tunagawa, inakuja 0.4 kwa kila mtego wa usiku mmoja. Namba hiyo ndiyo ya kufuatilia, si idadi ya samaki ndooni.

Hatua ya tatu: kumtambua na kumpima

Mkunga wa mtoni hana masharubu kama kambare, na pezi la mgongoni limeungana na la mkiani na la nyuma ya tundu la haja likawa ukanda mmoja. Nyuma ya matamvua ana mapezi mawili madogo ya kifuani. Mkunga wa mwambani hana hayo. Kisha tazama pezi la mgongo linapoanzia. Likianza karibu juu ya tundu la haja, huyo ni wa pezi fupi. Likianza mbele sana na mwili hauna madoa, ni wa pezi refu. Wenye madoa ni aina mbili zinazofanana mno, waandikeni pamoja.

Kumpima mkunga hai bila kumtuliza ni kumuumiza. Sisi hutumia mafuta ya karafuu, nusu mililita kwa lita kumi za maji, tukiyachanganya kwanza na spiriti kidogo kwani hayayeyuki majini yenyewe. Mara ya kwanza analegea, kichwa kinainama, kisha anageuka tumbo juu. Hapo mlaze kwenye bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, lililolowa, soma urefu, mpime uzito, tazama macho. Macho makubwa, tumbo la fedha na mapezi ya kifuani meusi ni dalili kwamba yuko safarini kurudi baharini. Kisha mweke kwenye maji safi ya mto, kivulini, mpaka aogelee mwenyewe. Mkunga aliyelazwa hivi haliwi. Na baada ya kazi nawa mikono kabla ya kugusa macho; damu yake mbichi ina sumu.

Hatua ya nne: wako wangapi?

Wakamateni, wakateni ncha ndogo ya pezi la kifuani, waachieni. Baada ya siku chache tegeni tena pale pale. Tuseme mliwatia alama 40, safari ya pili mkapata 30, na 6 kati yao wana alama. 40 mara 30 gawa kwa 6 ni 200. Wenye alama wakiwa wachache namna hii, ongezeni moja kila mahali: 41 mara 31 gawa kwa 7, toa 1, inakuja kama 181. Mimi huamini hii ya pili. Na hiyo ni hesabu ya kipande kile tu, si ya mto mzima.

Hatua ya tano: kumrudisha

Njia ndiyo dawa. Ukuta wa kuzuia maji unamkata mkunga mdogo na miaka yake yote ya kukua. Lakini yeye hupanda hata ukuta ulioloa akipata pa kushikia, kwa hivyo ubao wenye mkwaruzo uliowekwa mshazari, wenye nyuzi za brashi na maji yakitiririka taratibu, unatosha kumpitisha. Na wenye tumbo la fedha waachiwe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mambrui: Mwalimu, kwa nini tusinunue vifaranga tukavimwaga mtoni?

Jibu: Dada, karibu vifaranga vyote vya mkunga vinavyouzwa vimevuliwa baharini au mlangoni mwa mto. Wajapani walifanikiwa kuzalisha kizazi cha pili maabara mwaka 2010, lakini si kwa wingi wa kibiashara. Ukinunua, umemwibia mto mwingine.

Mwanachama, Malindi mjini: Kuna watu wanaulizia vile vidogo vya kioo, mikunga wachanga wanaoonekana ndani. Tuwauzie?

Jibu: La, kaka yangu. Mkunga wa Ulaya amepungua vibaya, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu 2009, ndiyo maana wanunuzi wanageukia mito ya wengine. Wapelekeni BMU.

Mwanachama, Gongoni: Tumepata mmoja tu mwezi mzima. Je, wamekwisha?

Jibu: Mzee wangu, mwezi mmoja hausemi. Huyo mmoja huenda aliingia mtoni mtoto wako akiwa darasa la kwanza. Andika mmoja, andika mitego mingapi, andika rangi ya maji, uendelee miaka mitano.

Mwanachama, Lamu: Sisi kisiwani hatuna mto. Tufanyeje?

Jibu: Shangazi, Tana inaingia baharini Kipini, si mbali nanyi. Lakini kule kuna kamongo pia, msichanganye: mapezi yake ni kama nyuzi nne zinazoning'inia. Mkiwa tayari nitakuja na malema matano, tuanzie Ozi, wenyeji wana mitumbwi.