Namna ya kuandaa kijarida cha habari na mafanikio ya shule ya sekondari ya Kikatoliki

Kijarida cha shule kinafaa kitoke mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti. Kalenda ya mitihani ya Tanzania ndiyo inayoamua. Kwa kawaida matokeo ya kidato cha pili na cha nne hutangazwa Januari, na ya kidato cha sita Julai. Mwezi mmoja baadaye umepata muda wa kuhakiki takwimu, na wazazi bado wana hamu ya kusoma. Ukichapa Desemba utaambulia picha za mahafali tu, na mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa Novemba. Hapo ndipo kichwa cha habari kama "Wahitimu wetu wafaulu kwa kishindo" kinapoingia kimakosa: siku ya mahafali watoto hao hawajaiona karatasi ya mtihani wa taifa.

Timu ndogo inatosha. Mwalimu wa Kiswahili awe mhariri, mwalimu wa taaluma alete takwimu, mlezi wa TYCS (chama cha wanafunzi vijana Wakatoliki) alete habari za kiroho, na wanafunzi wanne wawe waandishi. Wanafunzi hao wachukuliwe kidato cha tatu na cha tano, kwa sababu wa kidato cha nne na cha sita watakuhama katikati ya kazi kwenda kwenye mitihani ya majaribio.

Kazi yenyewe huanza na kaunta buku. Liwekwe kwa sekretari wa shule, lipigwe mistari ya safu sita: tarehe, tukio, majina kamili ya wahusika na vidato vyao, ngazi (shule, wilaya, mkoa, taifa), uthibitisho uliopo (cheti, barua, kombe), na namba ya picha. Mwalimu anayerudi na wanafunzi kutoka mashindanoni ajaze siku hiyohiyo kabla hajaenda nyumbani. Ikipita wiki mbili, "wa pili kimkoa" huanza kugeuka "wa pili kanda", na hakuna mwenye nia mbaya. Kumbukumbu tu ndiyo inayohama.

Matokeo ya mitihani

Hii ndiyo sehemu inayosomwa kwanza na ndiyo inayokosewa zaidi, kwa hiyo ipewe muda.

Anza na jedwali la Baraza la Mitihani la kituo chenu, si ujumbe uliosambazwa WhatsApp. Tenganisha tarakimu tatu: waliosajiliwa, wasiokuwepo, na waliofanya mtihani. Asilimia zote zigawanywe kwa waliofanya mtihani na wakapata matokeo. Kama wapo waliozuiliwa matokeo, subiri hatima yao au andika wazi kwamba hawamo kwenye hesabu.

Kwa kidato cha nne, divisheni hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni I, 18 hadi 21 ni II, 22 hadi 25 ni III, 26 hadi 33 ni IV, na 34 hadi 35 ni sifuri. Kidato cha sita huhesabiwa masomo matatu ya tahasusi (mchepuo wake) tu, kwa A pointi 1 mpaka F pointi 7: pointi 3 hadi 9 ni divisheni I, 10 hadi 12 II, 13 hadi 17 III, 18 hadi 19 IV, na 20 hadi 21 sifuri. Ndiyo maana "divisheni wani ya 7" ni kilele kwa wa kidato cha nne lakini kwa wa kidato cha sita bado iko pointi nne nyuma ya kilele, ambacho ni 3. Ukiwaweka wote kwenye orodha moja ya "waliong'ara" bila kutenganisha vidato, msomaji atapotoka.

Sasa chukua mfano wa shule iliyokuwa na watahiniwa 72 mwaka jana na 84 mwaka huu. Mwaka jana divisheni I walikuwa 41, mwaka huu 46. Mhariri mwenye haraka ataandika "Ufaulu wa divisheni I wapanda". Gawanya kwanza: 41 kwa 72 ni asilimia 56.9, na 46 kwa 84 ni asilimia 54.8. Idadi imepanda, kiwango kimeshuka. Endelea: tuseme waliopata divisheni I hadi III mwaka jana ni 66, sawa na asilimia 91.7, na mwaka huu ni 80, sawa na asilimia 95.2. Hapo una habari ya kweli na nzuri zaidi: shule imewainua wanafunzi wa katikati na wa chini, ingawa kileleni imelegea kidogo. Mzazi anayelipa ada anastahili kuambiwa yote mawili, na walimu waliokaa na wale wa chini jioni baada ya masomo wanastahili kutajwa kwa sababu hiyohiyo.

Wastani wa kituo, yaani GPA, una mtego wake. Huhesabiwa kwa mizani hiyo ya A kuwa 1, kwa hiyo namba ndogo ndiyo bora. GPA ikitoka 2.8 kwenda 2.3, shule imepiga hatua. Usiandike "GPA yashuka" ukamwacha msomaji akisikitika, andika "GPA imekuwa bora, kutoka 2.8 hadi 2.3", kisha ongeza sentensi moja ya kueleza mizani.

Halafu suala la nafasi kitaifa. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, yaliyotoka Januari 2023. Orodha zinazozunguka mitandaoni tangu hapo hutengenezwa na watu binafsi. Msiandike "wa tano kitaifa" kwa kutegemea orodha hizo, hata kama zinawapendelea. Jilinganisheni na nyinyi wenyewe: miaka mitatu mfululizo, somo kwa somo. Jedwali la Hisabati, Fizikia na Kiingereza kwa miaka mitatu lina manufaa kuliko nafasi yoyote.

Mafanikio ya nje ya darasa

Kila tuzo ina ngazi yake na mwenyewe. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya taifa hushindaniwa kwa timu za mikoa. Kijana wenu akirudi na medali ya dhahabu ya kurusha mkuki, aliivaa akiwa mchezaji wa mkoa. Sentensi sahihi ni kwamba mwanafunzi wa shule yenu aliyeteuliwa timu ya mkoa ameshinda, wala si kwamba shule imetwaa ubingwa wa taifa. Kwa Young Scientists Tanzania, mashindano ya miradi ya sayansi, tofautisha kuingia kwenye maonyesho, kushinda kundi la somo, na kushinda tuzo ya jumla. Taja mwalimu mlezi wa mradi, maana mara nyingi ndiye aliyeuhangaikia mwaka mzima. Kwa mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya SADC, andika kama ushindi ni wa nchi au wa jumuiya nzima.

Aya ya kwanza ibebe tukio, si furaha. "Tarehe 12 ilikuwa siku ya shangwe na vigelegele ambapo shule yetu pendwa…" haijasema kitu bado. Linganisha na hii: "Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wametengeneza kichujio cha maji kwa mkaa wa vifuu vya nazi na mchanga wa mtoni. Ndoo ya lita 20 huchujwa kwa dakika 40." Msomaji ameshaona ndoo, na furaha ataipata mwenyewe. Habari kuu isizidi maneno 400. Ndogo iwe kati ya 80 na 120.

Habari za imani

Sakramenti si tuzo. Usiandike "wanafunzi 31 wajinyakulia Kipaimara" wala usiiweke chini ya kichwa cha mafanikio. Wameipokea, kwa hiyo ipewe ukurasa wake pamoja na ubatizo wa Mkesha wa Pasaka, mafungo, na sikukuu ya somo wa shule, yaani mtakatifu msimamizi wake. Hakiki tarehe ya somo: Mtakatifu Yohana Bosco ni 31 Januari, Bakhita 8 Februari, Karoli Lwanga na wenzake 3 Juni, Maria Goretti 6 Julai, Teresia wa Mtoto Yesu 1 Oktoba. Shule ikihamishia sherehe Jumamosi ya karibu, andika tarehe zote mbili.

Maneno yana mahali pake. Padre hupewa daraja takatifu. Mtawa huweka nadhiri, za kwanza au za daima. Askofu huwekwa wakfu, kisha husimikwa jimboni. Huyu anayehamishwa kutoka jimbo jingine husimikwa tu, kwa kuwa alishawekwa wakfu. Misa huadhimishwa. Askofu ni Mhashamu, Kardinali ni Mwadhama. Seminarini mkuu ni Gombera, na wanafunzi wanamwita hivyo, basi kijarida nacho kimwite hivyo. Herufi za shirika hufuata jina: OSB kwa Wabenediktini, SJ kwa Wajesuiti, SDB kwa Wasalesiani. Kuzikosea kunawauma watawa kuliko mhariri anavyodhani, kwa sababu hizo ndizo ukoo wao. Angalia pia jimbo na jimbo kuu: Dodoma ni jimbo kuu tangu 2014 na Mbeya tangu 2018, lakini Moshi na Bukoba ni majimbo.

Na kumbuka kwamba shule hizi zina wanafunzi Waislamu, Walutheri na wengineo. "Vijana wetu wote Wakatoliki walisali rozari" huenda si kweli. Andika idadi au andika "wanafunzi Wakatoliki".

Jubilei ikikaribia, amueni mapema mnahesabu kutoka lini: mwaka wa kuweka jiwe la msingi, wa kupokea wanafunzi wa kwanza, au wa usajili. Miaka hiyo mara nyingi hailingani, na matoleo mawili ya kijarida yakipishana, kamati ya jubilei itagombana. Kwa shule kongwe za misheni historia ina mkunjo mwingine, kwani nyingi zilitaifishwa kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969. Shule ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955, ilikuwa ya Kanisa na leo ni ya serikali.

Watoto na taarifa zao

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihusu shule kama inavyoihusu benki. Ongezeni ukurasa mmoja kwenye fomu ya kujiunga: mzazi akubali au akatae, kwa visanduku vitatu tofauti, picha na jina la mwanawe kutumika kwenye kijarida, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na kwenye tovuti. Anayekubali kijarida hajakubali tovuti.

Kamwe usichape jina kamili pamoja na namba ya mtihani. Matokeo ya Baraza ya kidato cha nne na cha sita hutoka kwa namba bila majina. Ukiviunganisha viwili, umemfungulia kila mtu alama zote za mtoto huyo, hata ile F ya Hisabati ambayo hukukusudia kuitangaza. Vilevile, mwanafunzi anayesomeshwa na parokia au mfadhili asitambulishwe hivyo chini ya picha. Picha hiyo itabandikwa bwenini.

Picha na uchapaji

Mahafali hupigwa picha saa sita mchana, jua la utosi, na matokeo ni vivuli vyeusi machoni. Hamisheni kundi chini ya mwembe au upande wa kivuli wa kanisa. Sista mwenye shela jeupe ni mtihani mwingine: simu hupima mwanga kwa shela, uso ukatoka mweusi. Gusa uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, shela liache lipauke kidogo. Majina yaandikwe papo hapo, kuanzia kushoto, mstari wa mbele kwanza.

Picha ya upana wa sentimita 10 kwa karatasi inahitaji takriban pikseli 1,200. Ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na mchapaji atakupa ukungu; itumwe kama faili, au ihamishwe kwa waya.

Kurasa ziwe idadi inayogawanyika kwa nne, kwa sababu karatasi ya A3 ikikunjwa hutoa kurasa nne za A4. Kurasa nane zinatosha shule ya wanafunzi 400. Kabla ya kwenda kiwandani, chapa nakala moja ya karatasi, isomwe na watu watatu kwa zamu: mwalimu wa taaluma asome tarakimu tu, padre mlezi au sista asome vyeo na majina ya kikanisa tu, na mwanafunzi mmoja asome majina ya wenzake kwa sauti. Mwanafunzi ndiye atakayegundua kwamba Happiness ameandikwa Happyness, na kwamba kuna akina Neema Joseph wawili kidato cha tatu.

Kosa likipita hata hivyo, masahihisho yachapwe ukurasa wa pili wa toleo linalofuata, kwa jina sahihi na kosa lilivyokuwa. Nakala tano zibaki maktaba, mbili ziende ofisi ya elimu ya jimbo, na faili lihifadhiwe mahali pawili, si kwenye kompyuta ya mhariri peke yake, maana anaweza kuhamishwa shule Januari.