Namna ya kujenga tovuti ya maelezo ya Python kwa Kiswahili, inayoandikwa na watu wenyewe

Mtu akiona kosa kwenye ukurasa na hana pa kugusa kulirekebisha, anaondoka zake, na hivo ndo tovuti nyingi za maelezo ya lugha za programu zinavokufa. Kwa hiyo katika yote ntakayoyasema hapa kitu cha kukishikilia ni kimoja: kijana aliyekaa Chake Chake na simu yake na bando la siku aweze kusahihisha sentensi moja bila kumuomba mtu ruhusa, na apate jibu kabla hajasahau kama alisahihisha. Mengine mapambo.

Kabla hamjafungua laptopu amueni, mnataka tafsiri rasmi ya maelezo ya lugha ya Python au tovuti yenu wenyewe? Ya rasmi ina njia yake, ipo kwenye PEP 545, waraka wa watengenezaji wa Python wa mwaka 2017, na ili lugha iingie kwenye ile menyu ya kuchagulia lugha ya docs.python.org lazima kwanza mmalize mafunzo yote ya mwanzo, ukurasa wa kuripoti makosa na ukurasa wa funksheni zinazokuja na lugha yenyewe. Unafanya kwenye mafaili ya PO, yale yenye maneno ya asili na tafsiri yake chini, kipande kwa kipande, na mfano ulioko kule unabaki ulivyo hata kama haumwingii mtu wa Makunduchi. Ni kazi ya heshima lakini ndefu, na kikundi cha watu wachache wenye masomo na kazi zao kitachoka njiani. Mie nashauri muanze na ya kwenu, mkishakuwa na mazoea ya kufanya kazi pamoja hiyo rasmi itakuja.

Na muanze kidogo. Kurasa kumi zilizokwisha: vigeu, maandishi, namba, orodha, if, for, funksheni, mafaili, makosa, kusakinisha. Basi. Nshaona tovuti zina menyu ndefu kama mtaa wa Darajani, ukibonyeza kila mahali "inakuja hivi karibuni", na haijaja mpaka leo.

Chombo

Python yenyewe inatumia Sphinx, programu ya kugeuza maandishi kuwa tovuti aliyoitengeneza Georg Brandl, na maelezo yake yalihamia huko tangu toleo la 2.6 mwaka 2008. Ina nguvu lakini kawaida yake unaandika kwa reStructuredText, namna ya kupanga maandishi kwa alama, na mgeni akikosea nafasi moja tu ukurasa unavurugika. Kwa kikundi kinachoanza mie nachagua MkDocs, inayofanya kazi hiyo hiyo, mana unaandika Markdown, alama nyepesi za kupangia maandishi, na Markdown mtu anaifahamu kwa kuiangalia tu. Kwenye dirisha la amri la kompyuta (terminal) andika:

```
pip install mkdocs
mkdocs new maelezo
cd maelezo
mkdocs serve
```

Fungua 127.0.0.1:8000 kwenye brauza utaiona tovuti inafanya kazi kwenye mashine yako, hata mtandao usipokuwepo. Kisha kwenye faili la mkdocs.yml weka hivi (repo ni folda la kazi yenu mnalolihifadhi GitHub, tovuti ya kuwekea kazi za programu):

```
site_name: Python kwa Kiswahili
repo_url: https://github.com/kikundi-chenu/maelezo
edit_uri: edit/main/docs/
use_directory_urls: false
```

Huo mstari wa edit_uri usiuache. Ndo unaoleta kitufe cha kuhariri kwenye kila ukurasa, na MkDocs ukiiachia yenyewe inadhani tawi lenu, yaani nakala kuu ya mafaili kwenye repo, linaitwa master, wakati repo mpya za GitHub tangu Oktoba 2020 zinaanza na main, kwa hiyo mtu anabonyeza anakutana na ukurasa wa "haipo" na hamtamuona tena. Maneno ya kitufe yanakuja kwa Kiingereza, yabadilisheni kwenye kiolezo cha kurasa (template) yawe "Umeona kosa? Rekebisha hapa". Akibonyeza, GitHub inamtengenezea nakala yake yenyewe, anaandika, anatuma, nyie mnapokea puli rikwesti, yaani ombi la kuingiza alichobadilisha. Kwenye simu inawezekana, jaribuni wenyewe kwa simu ya kawaida kabla ya kuwatangazia watu. Kupandisha tovuti hewani ni amri moja, `mkdocs gh-deploy`, na GitHub Pages, huduma yao ya kuweka tovuti, hawadai kitu.

Mifano

Hapa msiharakishe. Ukitafsiri mfano wa watu wengine unapata Kiswahili kisicho na mwenyewe. Chukua alama ya %, ile ya kupata baki. Kila kitabu kinaeleza kwa 7 % 3 na mwanafunzi anasema ndiyo, kisha hajui aitumie wapi. Sisi tuna saa zetu, saa moja ya asubuhi kwenye simu imeandikwa 7, saa moja ya usiku 19, tena tangu mtoto mdogo anajua kugeuza. Basi mpe hii:

```
>>> saa = 19
>>> (saa - 6) % 12 or 12
1

>>> saa = 3
>>> (saa - 6) % 12 or 12
9

```

Saa tisa za usiku, sawa sawa. Na hapo hapo unapata la kumfundisha ambalo wengi hawalijui: 3 toa 6 ni hasi 3, Python ikigawa kwa 12 inakupa baki 9, lakini lugha nyingine kama JavaScript au C zingekupa hasi 3 na saa yako ingeharibika. Hiyo 'or 12' ya mwisho iko kwa ajili ya saa kumi na mbili, mana baki yake ni 0 na hakuna saa sifuri. Mfano mmoja umebeba mambo matatu, na mtu wa Wete hahitaji kuelezewa mwanzo kuna nini.

Sasa mifano inaoza. Python inatoa toleo jipya kila mwaka mwezi wa Oktoba, kwa hiyo juu ya kila ukurasa andikeni umejaribiwa kwenye toleo gani, na msitegemee macho, tumieni doctest, kijaribu mifano kinachokuja na Python yenyewe:

```
python -m doctest docs/saa.md
```

Ikikaa kimya ujue mifano yote inatoa majibu yaliyoandikwa. Ila kuna mtego, kwenye Markdown zile alama tatu za kufungia kodi (maandishi ya programu) doctest inazihesabu kuwa sehemu ya jibu, kwa hiyo acha mstari mtupu kabla ya kufunga, ndo mana hapo juu nimeuacha. Wekeni amri hiyo kwenye GitHub Actions, sehemu ya GitHub ya kuendesha amri zenyewe, ijiendeshe kila mtu akituma kitu, hapo anayekagua hana haja ya kubishana na mtu kuhusu kodi, mashine ishasema.

Kutafuta

Kisanduku cha kutafuta kinachokuja na MkDocs kimezoea lugha ambazo neno linabadilika mwishoni. Kiswahili chetu kinabadilika mbele, mtu akiandika "vigeu" na ukurasa wako wote umeandika "kigeu" hapati kitu, anaona tovuti haina habari hiyo. Dawa ni ya kienyeji lakini inafanya kazi: kwenye sentensi ya kwanza ya kila ukurasa hakikisha umoja na wingi vyote vipo, pamoja na neno la Kiingereza ambalo mwanafunzi kalisikia darasani. Na muwe na ukurasa mmoja wa istilahi mliokubaliana. Angalieni kwanza walichoandika BAKIZA na BAKITA, mkikosa chagueni wenyewe, na sharti liwe hili, anayetaka neno libadilike abadilishe yeye kurasa zote zinazolitumia. Mabishano yatapungua wallahi.

Watu

Wengi hawatatumia GitHub hata mkiwabembeleza, watawatumia skrinishoti WhatsApp na sauti ya dakika mbili. Msiwakatae. Teueni karani, kazi yake kutoa masahihisho kwenye grupu kuyapeleka kwenye repo, na jina la aliyesema liandikwe kwenye ukurasa wa wachangiaji kama karidhia. Karani abadilishwe kila mwezi, vinginevyo atachoka na atanuna.

Kujibu msivuke siku mbili, hata kama jibu ni "tumeona, tutaangalia Ijumaa". Na namna ya kukataa ina adabu zake, anayetuma anaweza kuwa mwalimu wa skuli aliyewafundisha, hamuwezi kumwandikia "siyo" halafu mkafunga. "Assalaam alaykum mwalimu, ahsante sana, hii sehemu ya pili tumeichukua, ya kwanza tukiijaribu kwenye toleo jipya inatoa kosa hili, unaonaje tukiiweka hivi?" Haigharimu kitu na atarudi.

Kuna wanaopenda sehemu ya maoni chini ya ukurasa, kama manyuali ya lugha ya PHP ilivyo na maelezo ya watumiaji kwa miaka mingi. Mazuri yapo mengi mule lakini ya zamani yanabaki yamekaa pale pale na mtu anayanakili. Kama hamna watu wa kuyasafisha, achaneni nayo, lililo zuri liingie ndani ya ukurasa wenyewe.

Leseni iwekwe siku ya kwanza, mana baadae kumtafuta kila aliyeandika ili akubali ni shida tupu. CC BY-SA 4.0 kwa maandishi inatosha, yaani mtu atumie ila awataje na atoe kwa leseni hiyo hiyo, na mifano ya kodi iacheni CC0, isiyo na sharti, watu waichukue. Na kitabu cha mtu msinakili, hata kama mmekitafsiri.

Skuli nyingine hazina intaneti ya kutegemea, kwa hiyo kila toleo fanyeni `mkdocs build`, zipuni folda ya site, iende kwenye fulashi. Ile use_directory_urls: false ndo inayofanya kurasa zifunguke bila seva. Kutafuta hakutafanya kazi hapo, basi tengenezeni ukurasa mmoja wenye vichwa vyote vya habari. Picha ziwe chache na ndogo.

Mwisho funguo. Repo isiwe kwenye akaunti ya mtu mmoja, fungueni akaunti ya kikundi yenye wamiliki wasiopungua wawili, mmoja Unguja mmoja Pemba ikiwezekana. GitHub siku hizi inadai uthibitisho wa hatua mbili kwa wachangiaji, simu ikianguka baharini akaunti inaweza kwenda nayo, kwa hiyo zile namba za siri za kujiokoa (recovery codes) zichapisheni kwenye karatasi na kila mmiliki aweke zake. Mkinunua domeni, yaani jina la tovuti, tarehe ya kulipia tena iandikeni kwenye repo pamoja na jina la anayelipa mwaka huo.