Kuomba mkopo wa HESLB: anza na vyeti, fomu itakusubiri

Kila mwaka dirisha la HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania, likifunguliwa, steshenari hujaa vijana waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja akiamini kazi iliyopo ni kujaza fomu. Fomu ni jambo dogo, kama mtandao haujagoma. Kinachokula muda na nauli ni makaratasi yanayotangulia. Nimetoka kumhangaikia mdogo wangu, kwa hiyo nayaandika yakiwa bado ya moto.

Nenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwanza, hata kabla matokeo hayajatoka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe: unafungua akaunti kwenye mfumo wao, unapakia nakala, unalipia kwa kontrol namba, unasubiri. Waliozaliwa Zanzibar wanahakikiwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa huko. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kile kikaratasi alichotunza mama sandukuni miaka yote ni tangazo la kizazi tu, si cheti. Kaombe cheti kwanza, ndipo urudi kwenye uhakiki.

Kama mzazi amefariki, jua kwamba kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kukitafuta cha baba kulitugharimu safari hadi wilaya aliyofia, maana msibani hakuna anayewaza mambo ya chuo. Lakini ndiyo karatasi ya kupigania kuliko zote. Bila hiyo, kwenye mfumo baba yako yu hai na huenda ana uwezo wa kulipa ada.

Linganisha majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mwanaidi na cha kidato cha nne kikasema Mwanahidi, mfumo unaona watu wawili. Malizana na wakili mapema kuhusu tofauti hiyo. Namba ya mtihani wa kidato cha nne nayo iwe ileile uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani ndio hunaswa hapa. Kaya yenu ikiwa TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, chukua namba ya kaya. Mwenye ulemavu, au mzazi wake mwenye ulemavu, apate barua ya mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Uliyesomeshwa na mfadhili sekondari, omba barua yake, la sivyo utahesabiwa kwamba nyumbani kuna hela.

Sasa fungua akaunti ya maombi kwa simu yako na barua pepe yako. Nasisitiza yako. Steshenari tuliyoanzia ilitumia namba ya kijana wa pale, na siku tuliyohitaji nenosiri kijana alikuwa ameshaacha kazi. Ada ya maombi ni 30,000 na hairudi, kwa hiyo usilipe mara mbili kwa sababu ya haraka ya mtu mwingine.

Ukimaliza kujaza, chapisha, usaini, mdhamini asaini na kuweka picha na nakala ya kitambulisho chake. Mdhamini awe mtu anayepokea simu. Kisha serikali ya mtaa. Mwenyekiti wetu hapatikani ofisini, anapatikana dukani kwake, na muhuri unakaa kwa mtendaji, ambaye ana ratiba zake. Ukiombwa "hela ya wino", omba risiti uone wino unavyopatikana bure. Malizia kwa wakili au hakimu, halafu skani kurasa zilizosainiwa na uzipakie. Muhuri uliofifia urudie. Anayeupitia hakujui wala hatakupigia kuuliza.

Majina hutoka kwa awamu, kwa hiyo kukosa ya kwanza si kukosa kabisa. Angalia SIPA, akaunti yako kwenye mfumo wa bodi, badala ya kuamini picha za WhatsApp. Ukikosa, au ukipewa asilimia ya kukutania, subiri dirisha la rufaa na upeleke karatasi ambayo haikuwepo mwanzo. Malalamiko matupu hayana pa kupakiwa. Ukipata, fungua akaunti ya benki kwa jina lako lilivyo kwenye maombi, na ukifika chuoni ulizia mapema wanaposainia bumu, yaani hela ya kujikimu. Asiyesaini halipwi, na foleni yake utaisikia kabla hujaiona.