Indiketa za lori la jeshi zimegoma? Flasha iache kwanza dukani

Lori lenyewe ni M35A2, lile la Kimarekani la tani mbili na nusu, tairi kumi, usukani kushoto. Liliuzwa baada ya kustaafu jeshini, na sasa mzee mmoja wa hapa Mafinga analibebea mbao. Siku ya kwanza aliponiletea, hakukuwa na indiketa hata moja inayowaka. Mimi fundi waya, nikajiona najua: flasha, kile kifaa kinachozifanya indiketa zipige, imekufa. Nikamtuma kijana dukani, akaja na ya volti 24, nikafunga. Kimya. Nikafunga ya pili. Kimya. Mzee amekaa juu ya gogo na koti lake zito, ananitazama tu. Jua linazama ndipo nikachezea, kwa kubahatisha, vishikio vya swichi ya taa kwenye dashibodi, indiketa zikaanza kupiga. Hela ya flasha sikuthubutu kumdai.

Gari la vita limetengenezwa liweze kutembea usiku bila adui kuliona. Kwa hiyo swichi kuu ya taa inatawala kila kinachowaka nje, indiketa na taa za breki zikiwemo. Ikiwa OFF, indiketa hazipati umeme hata kama injini inanguruma. Mchana iweke STOP LIGHT, usiku SER DRIVE. Zile sehemu zenye herufi B.O. ni za kujificha. Utapata vitaa vidogo tu, na indiketa hazitapiga. Tena kishikio kikubwa hakiendi upande wa kawaida mpaka uinue kwanza kile kidogo cha kufungulia. Wengi wanalazimisha mpaka wanakivunja.

Swichi ikiwa sawa na bado kimya, nenda kwenye betri. Ni mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, na injini ikiwa inazunguka upate volti 27 au 28 hivi. Angalia kama kuna mtu amechukua umeme wa redio kwenye betri moja tu. Huyo anaua zote mbili: moja inaishiwa, nyingine inazidishiwa chaji. Na balbu ziwe za volti 24. Ya volti 12 ukiiweka, itakuaga hapohapo.

Sasa tazama kinachogoma ni kipi. Zikikataa zote, na hazadi (indiketa zote kupiga pamoja kwa tahadhari) nayo ikikataa, hapo ndipo flasha inashukiwa, pamoja na umeme unaoingia kwenye flasha. Upande mmoja ukipiga vizuri, flasha ni nzima, usiiguse. Upande ukiganda au ukibadili mwendo, tafuta balbu iliyoungua au umeme usiofika vizuri upande huo.

Lori hili lina jambo moja zuri sana kwa fundi: taa ya nyuma, waya wa balbu unaowaka kwa breki ndio huohuo wa indiketa, na umeme wa breki unapitia swichi ya indiketa pale kwenye shina la usukani. Rudisha mkono wa indiketa katikati, mwambie mtu akanyage breki. Taa ya kulia ikiwaka vizuri kwa breki lakini ikagoma kwa indiketa, basi balbu, erthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari) na waya wa kwenda nyuma ni vizima. Usiingie chini ya gari kujichafua bure. Shida iko juu, kwenye swichi.

Lori la mzee lilirudi baada ya wiki mbili. Indiketa ya kulia nyuma inawaka hafifu kama mshumaa, na taa ya usiku inapepesa pamoja nayo. Nikiona hivyo nafikiria erthi kabla ya kitu kingine. Taa hizi zinapata erthi kupitia bodi ya taa yenyewe na nati zinazoishika kwenye chesesi, na mzee alikuwa amelipiga lori rangi ya bluu kila mahali ili lisifanane na la jeshi. Rangi iliingia mpaka chini ya nati.

Hapa mita inadanganya. Inavuta umeme kiduchu mno, hivyo waya uliobakiza nyuzi mbili utakusomea volti 24 bila aibu. Chukua balbu ya volti 24 wati 21 kwenye holda yenye waya mbili, ndiyo iwe testa yako. Inavuta karibu ampia moja, kiungo kibovu kitaumbuka. Kisha washa taa yenye shida na upime kati ya bodi ya taa na negativu ya betri. Ukipata zaidi ya nusu volti, erthi ni mbovu. Ya mzee ilisoma volti saba.

Nikafungua nati, nikachukua msasa.

"Kijana, rangi yangu!"

"Mzee, ni chini ya nati tu, haitaonekana."

Sugua mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi kwa juu.

Viungo vya mpira vya jeshi vuta kwa kunyoosha, usipindishe. Ndani safisha matope na ukungu wa kijani. Kwenye waya kuna vibati vyenye namba. Namba ya ncha hii ndiyo ya ncha ile, usivitoe. Ukikata waya na kusokota na tepu, masika ya kwanza utarudi palepale. Ukitaka kuweka taa za LED, flasha ya zamani ya joto haitazitambua; hapo kweli nunua flasha ya kielektroniki.

Jaribu mwisho injini ikiwaka na taa kubwa zimewashwa, uhesabu: mapigo 60 hadi 120 kwa dakika yanatosha. Kwenye mlima wa Kitonga, lori la mbele likiwasha kushoto, wa nyuma anajua anapishwa. Ikiwaka kulia, atulie. Indiketa ikiwa ya kubahatisha hapo unaua mtu.

Kwa vile dereva wa mzee hasomi Kiingereza, niliazima rangi ya kucha ya mke wangu nikaweka doa jekundu kwenye STOP LIGHT na jingine kwenye SER DRIVE. Mzee akaniuliza kama na hiyo iko kwenye bili.