Namna ya Kutengeneza Tamthilia ya Mtandaoni kwa Bajeti Ndogo Ukiwa Kigoma

Anayetaka kutengeneza filamu fupi au tamthilia ya mtandaoni akiwa Kigoma mara nyingi huanza kwa kuhesabu asichonacho: kamera nzuri, taa, jenereta, gari la kubebea watu. Hesabu hiyo haina mwisho, na kazi nyingi hufia hapo kabla hazijaandikwa. Mwongozo huu unaanzia upande mwingine. Bajeti ndogo haitatuliwi siku ya kurekodi bali kwenye hati, yaani maandishi ya kisa, ambako kufuta mstari mmoja hakugharimu kitu, na kuongeza mstari mmoja kunaweza kugharimu mafuta ya boti, posho za watu wanane na siku nzima ya kazi.

Hati itoke kwenye kilichopo

Kabla ya kubuni kisa, orodhesha mahali, vitu na watu unaoweza kuwapata bure au kwa malipo madogo: uwani wa shangazi yako pale Gungu, duka la vitenge la rafiki yako pale Mwanga, pikipiki ya jirani, mwalo wa Katonga, yaani ufukwe wa kushushia samaki, ambako mnafahamiana na wachuuzi wa dagaa, mzee wa Ujiji anayejua kusimulia hadi watu wasahau chai yao. Kisha tunga kisa ambacho hakiwezi kutokea bila vitu hivyo. Kitakachotoka kitakuwa na harufu ya mahali, jambo ambalo tamthilia nyingi za sebule zenye makochi makubwa hazina, ingawa zimetumia fedha nyingi kuliko utakazozishika wewe.

Weka mipaka mapema. Kwa mfululizo wa kwanza, sehemu sita za dakika saba hadi kumi zinatosha kabisa, na zisizidi lokesheni (mahali pa kurekodia) tatu wala wahusika wakuu wanne. Ukurasa mmoja wa hati iliyopangwa kwa muundo wa kawaida hukaribia dakika moja ya picha, kwa hiyo sehemu yenye kurasa kumi na tano itakutoa nje ya mpango kabla hujaanza. Kila sehemu iishie pale mtu anapoamua jambo. Isiishie kwenye mtu aliyetoa macho huku muziki ukipanda, kwa sababu mtazamaji wa simu ameshazoea mchezo huo na hausubiri tena.

Chukua mfano. Umebuni kisa cha kijana aliyechukua injini ya boti ya mjomba wake bila ruhusa, akaenda nayo ziwani usiku na hajarudi. Wazo la kwanza linalomjia kila mwandishi ni kumfuata kijana huko majini, maana yake boti mbili, jaketi okozi kwa kila mtu, taa zisizoogopa maji, na hatari ambayo hakuna posho inayoweza kuilipa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na usiku si mahali pa kujifunzia kazi. Sasa ibakize kamera ufukweni. Mama wa kijana amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kaka wa mama huyo, yaani mjomba mwenye injini, amesimama pembeni. Nyuma yao, mbali, taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga juu ya maji kama mtaa wa mji mwingine. Unasikika mlio wa injini ukikaribia, wote wawili wanageuka, kisha mlio unapita na kupotea. Mjomba anasema: “Siyo hiyo. Ya kwangu inakohoa.” Mama anajibu bila kumtazama: “Kaka, mimi sijakuuliza injini.”

Hapo kuna watu wawili, kamera moja, na mlio unaoweza kuurekodi mchana wa siku nyingine. Mtazamaji amepewa ziwa, usiku, hatari na ugomvi wa familia, na hakuna aliyelowana. Fanya zoezi hilo kwa kila sini (kipande cha kisa kinachotokea mahali pamoja) ya gharama: uliza ni nani anayesubiri habari za tukio hilo, kisha uangalie kama kusubiri kwake si kuzuri kuliko tukio lenyewe. Mara nyingi ni kuzuri zaidi.

Taa hizo za nyuma, hata hivyo, zina kalenda yake. Dagaa huvutwa na mwanga, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi hawatoki, na ziwa hubaki jeusi. Vilevile ziwa huweza kufungwa kwa uvuvi ili samaki wazaliane, kama lilivyofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024. Katika kipindi cha namna hiyo utapata wavuvi wenye nafasi ya kuigiza lakini hutapata taa hata moja. Ukiandika sini ya mwalo, iandike pamoja na tarehe, na uwaulize viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) wa mwalo huo kabla ya kumwahidi mtu yeyote siku ya kurekodi.

Kuhusu lugha, waache waigizaji waseme wanavyosema. Usimlazimishe bibi aliyetoka Kasulu aongee kama msoma taarifa ya habari. Kiha kikiingia katikati ya sentensi, weka maandishi chini ya picha. Kumbuka pia kwamba watazamaji wako hawaishii Tabora na Dar es Salaam. Ng’ambo ya ziwa kuna Kalemie na Uvira, na kaskazini kuna Bujumbura, miji ambamo Kiswahili kinazungumzwa na ambamo kisa cha boti, vitenge na mawese hakihitaji maelezo.

Sauti kwanza, picha baadaye

Simu ya kawaida ya leo inatosha kwa picha. Filamu ya Tangerine ya mwongozaji Mmarekani Sean Baker, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2015, ilirekodiwa kwa iPhone 5s, simu ambayo sasa wengi wangeikataa hata kwa zawadi. Mtazamaji husamehe picha yenye chembechembe, lakini asiposikia maneno hufunga video na harudi. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya vifaa iende kwenye maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, hata kama ni moja tu na mtaipokezana.

Usipokuwa na maiki isiyotumia waya, simu ya pili ni kinasa sauti kizuri. Ifiche karibu na msemaji, nyuma ya chungu au ndani ya kapu, iweke katika hali ya ndege ili isiite, uanze kurekodi, kisha mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa uhariri utaoanisha mlio wa kofi hilo na picha ya viganja vinapokutana, na sauti nzima itakaa mahali pake. Ufukweni, funika maiki kwa sponji na kitambaa chenye manyoya. Upepo ukiingia kwenye maiki hakuna programu itakayoutoa vizuri.

Nenda kwenye lokesheni siku moja kabla, saa ileile utakayorekodi, ufumbe macho kwa dakika tano. Utasikia mashine ya kusaga ambayo hukuiona, bodaboda zinazopanda kilima, redio ya kinyozi. Ukiwa Ujiji, panga mazungumzo marefu yasikutane na adhana, au, vizuri zaidi, andika sini ambamo adhana inamnyamazisha mtu aliyekuwa akikaribia kusema uongo. Mwisho wa kila sini, watu wote wanyamaze kwa nusu dakika na urekodi ukimya wa mahali hapo. Ukimya wa uwani si ukimya wa dukani, na utauhitaji kuziba mapengo unapokata maneno.

Mwanga na mpangilio wa siku

Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, na kwa kuwa saa ni moja nchi nzima, jua huzama hapa zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam, likielekea milima ya Kongo ng’ambo ya maji. Hilo linakupa jioni ndefu ya kazi baada ya watu kutoka kwenye shughuli zao. Mwigizaji anayelitazama ziwa jioni hupata mwanga wa dhahabu usoni; anayeligeuzia mgongo hugeuka kivuli, na vyote viwili vina matumizi yake. Tatizo ni kwamba tuko karibu na ikweta na giza huingia haraka baada ya jua kuzama, kwa hiyo panga sini moja tu kwa mwanga huo, na mazoezi yake yafanyike mapema.

Mchana, ambapo jua la utosini huweka mashimo machoni, hamia chini ya mwembe au ndani ya mlango ulio wazi. Shuka jeupe lililoshikwa na mtu mmoja upande wa kivuli linarudisha mwanga usoni kwa gharama ya sabuni ya kulifua.

Katika mipangilio ya kamera kuna jambo moja ambalo huharibu kazi nyingi za madukani na sebuleni. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa hucheza kwa kufuata mizunguko hiyo hata kama jicho halioni. Simu iliyoachwa ijipangie yenyewe huishia na michirizi inayopanda na kushuka ukutani. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe, kama Open Camera au Blackmagic Camera, ambazo ni za bure, uweke fremu (picha) 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50, yaani kila picha ipokee mwanga kwa sehemu ya hamsini ya sekunde. Funga vipimo vya mwanga na rangi visibadilike katikati ya sini.

Rekodi kwa lokesheni, si kwa mfuatano wa kisa. Sini zote za uwani za sehemu zote sita zimalizwe pamoja, ili shangazi asumbuke siku mbili badala ya sita. Hapo ndipo nguo huchanganyika, kwa hiyo mpige kila mwigizaji picha kabla ya sini na baada yake, ikionesha kilemba, viatu na mkono ulioshika nini.

Vibali

Kazi ya filamu nchini inaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na msimamizi wake ni Bodi ya Filamu Tanzania, inayotoa vibali vya kurekodi na kukagua kazi kabla ya kuoneshwa hadharani. Anzia kwa Afisa Utamaduni wa manispaa au wilaya, ambaye atakueleza utaratibu na ada za wakati huo. Kwa upande wa kuchapisha mtandaoni, ulizia masharti ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Barua ya kibali usiifungie kabatini, tembea na nakala, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa na askari wataiuliza, na wana haki.

Bandari na stesheni ya reli ni mahali pazuri mno kwa picha, na kila mgeni anaitamani MV Liemba, meli iliyozinduliwa hapa Kigoma na Wajerumani mwaka 1915. Zina wenyewe na zina masharti yake, kama zilivyo hifadhi za Gombe na Mahale. Kwa mfululizo wa kwanza ningeziacha zote. Droni pia ina kibali chake, na hakuna kisa kilichowahi kuokolewa na picha ya juu.

Watu na fedha

Fedha kidogo uliyonayo igawe kwa mpangilio huu: chakula, nauli, vifaa. Kundi lililokula ugali na migebuka saa saba mchana litavumilia kurudia sini. Kundi lililopewa soda na biskuti litaanza kutazama saa. Kama huwezi kumlipa mtu sasa, usiseme “tutaangaliana mbele”. Andika karatasi moja inayotaja kazi yake, idadi ya siku, na asilimia ya mapato atakayopata yakipatikana, mkaitie sahihi wote wawili mbele ya shahidi. Fanya hivyo hasa kwa rafiki na ndugu. Mtoto asirekodiwe bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Hati na kazi iliyokamilika zisajiliwe COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini.

Usitumie wimbo wa msanii maarufu hata kwa sekunde kumi. YouTube huutambua na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Tafuta mpiga ngoma au mwimbaji wa hapo ulipo, mrekodi mahali penye utulivu, naye asaini karatasi kama wengine. Hata hivyo mapato ya YouTube yasiingie kwenye bajeti yako. Kushiriki matangazo kikamilifu kunadai wafuatiliaji 1,000, pamoja na ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Mwenye duka la vitenge anayeonekana katika sini tatu anaweza kuchangia mapema kuliko hapo.

Uhariri na kuchapisha

Kila jioni, kabla ya kulala, hamishia picha kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Uhariri unaweza kufanywa kwa toleo la bure la DaVinci Resolve kama kuna kompyuta yenye nguvu, au kwa CapCut kwenye simu. Kata salamu. Katika maisha tunasalimiana hadi habari za mifugo, na ni vizuri, lakini kwenye tamthilia ya dakika nane sini ianzie pale salamu zilipoisha, isipokuwa kama mtu amekataa kuitikia.

Ukishapata toleo la kwanza, waalike watu kumi wasio ndugu zako sebuleni kwa mtu, uwawashie, ukae nyuma yao. Usiwaulize kama wameipenda, watasema wameipenda. Tazama ni dakika ya ngapi wanaanza kushika simu, uiandike, urudi ukaikate.

Usichapishe sehemu ya kwanza mpaka sehemu tatu ziwe zimekamilika kabisa, na uchague siku moja ya wiki utakayoweza kuitimiza hata umeme ukikatika. Pandisha video usiku kwa bando la usiku, siku mbili kabla, uipangie saa ya kutoka.