Somo: Misuli inayokakamaa na maumivu yasiyokwisha, hatua kwa hatua

Kila wiki ninaulizwa swali lile lile: «Ulimeza dawa gani hadi ukasimama tena?» Nimelijibu kwa simu, nimelijibu mlangoni mwa kanisa, nimelijibu nikiwa kwenye foleni ya hospitali, na kila mara muulizaji huondoka na jina la kidonge, mengine yote akiyaacha pale pale. Naandika somo lote mara moja, na atakayeniuliza kesho nitamwomba aanzie hapa.

Ninaishi Bukavu, komini ya Ibanda. Mwaka 2016 nilianguka na pikipiki kwenye mteremko wenye matope, uti wa mgongo ukaumia usawa wa mbavu za chini, na tangu siku hiyo natembea kwa magongo mawili, miguu hukakamaa, huruka yenyewe usiku, na maumivu hayajawahi kunipa likizo ya juma zima. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza ni yale niliyoyaishi na yale niliyofundishwa na walionitibu. Dozi yako itapangwa na anayekupima wewe.

Hatua ya 1. Jua mkakamao wako ni wa aina gani. Shavu la mguu linalokaza usiku kisha likaachia baada ya dakika chache ni jambo moja. Mgongo uliokaza baada ya kubeba gunia la makaa ni jambo jingine. Na misuli inayokakamaa kwa sababu ubongo au uti wa mgongo umeumia, kama baada ya kiharusi au ajali, ni jambo la tatu kabisa, wala tiba zake hazifanani. Nenda hospitali leo, bila kungoja kumaliza kusoma, ikiwa sehemu iliyo baina ya mapaja imekufa ganzi, ikiwa mkojo umekataa kutoka au unatoka wenyewe, ikiwa miguu inazidi kulegea siku hadi siku, au ikiwa taya limekaza baada ya kidonda, kwa maana huenda hiyo ni pepopunda. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho hutibika, lakini si kwa kuchuliwa.

Hatua ya 2. Andika daftari. Saa, mahali panapouma, ukali kutoka 0 hadi 10, na ulichokuwa ukifanya kabla.

Hatua ya 3. Tafuta kichokozi kabla ya kutafuta kidonge. Hapa ndipo watu hunikatiza, nami nawasihi wasinikatize. Kwa mtu ambaye uti wake umeumia, mwili ulio chini ya jeraha hauwezi kupeleka malalamiko yake juu kama zamani, hivyo huyatoa kwa njia ya mkakamao. Kibofu kilichojaa, choo kilichokwama siku tatu, mkojo wenye maambukizi, kidonda cha kulalia kinachoanza, ukucha ulioingia nyamani, hata mkanda uliobana: kila kimoja kinaweza kufanya miguu iruke usiku kucha. Mwaka jana nilivumilia siku kumi za mikakamao mikali nikidhani dawa imeacha kufanya kazi, kumbe ulikuwa ukucha wa kidole gumba. Wenye jeraha la juu zaidi, usawa wa kifua cha juu au shingo, wajue jambo la hatari: kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla, kichwa kikapasuka kwa maumivu na jasho likatoka usoni. Mtu huyo aketishwe wima, nguo zilegezwe, mkojo utolewe mara moja, na msaada wa hospitali utafutwe.

Hatua ya 4. Nyosha misuli kila siku, polepole. Asubuhi na jioni, kila msuli kwa nusu dakika au zaidi, bila kuvuta kwa kushtua. Mtaalamu wa kinesitherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, akuonyeshe mara chache za kwanza, na aliye nyumbani atazame ajifunze, kwa sababu vikao hulipiwa lakini mikono ya dada yako iko pale kila siku.

Hatua ya 5. Joto. Taulo lenye maji ya uvuguvugu, dakika 15. Aliye na ganzi apimiwe joto na mtu mwingine.

Hatua ya 6. Dawa ya kulegeza misuli, na kosa langu. Dawa niliyopewa inaitwa baclofen. Ilitengenezwa mwaka 1962 kwa ajili ya kifafa, ikashindwa kazi hiyo, na baadaye ikaonekana kwamba inapunguza ukakamavu unaotokana na neva. Kwa kawaida mtu mzima huanza na miligramu 5 mara tatu kwa siku, kisha daktari huongeza kidogo kidogo baada ya kila siku chache. Mwenye figo dhaifu hupewa kidogo zaidi. Huleta usingizi, kwa hiyo haichanganywi na pombe. Tena usitamani kuondoa ukakamavu wote: baadhi yetu tunasimama kwa sababu ya ukakamavu ule ule, na dozi ilipozidi magoti yangu yalikunjika kama magoti ya mtoto mchanga.

Sasa kosa lenyewe. Baada ya miaka miwili nikiwa kwenye miligramu 60 kwa siku, nilikwenda matangani kijijini, upande wa Walungu, nikiwa na vidonge vya siku mbili tu. Mazishi yakachelewa. Nilijiambia kwamba miguu imetulia muda mrefu, bila shaka nimepona, na wiki moja bila dawa haina madhara. Siku ya pili bila dawa ngozi yote iliniwasha na miguu ikakaza kama mbao. Siku ya tatu nilichemka homa, nikaanza kuzungumza na watu ambao hawakuwamo chumbani. Ndugu zangu walinitibu malaria, kisha wakaita waombezi wakiamini nimerogwa, na sitawalaumu kamwe, kwa sababu nami nisingeelewa. Aliyeniokoa ni muuguzi wa kituo cha afya aliyepekua mfuko wangu, akakuta pakiti tupu, akauliza: «Huyu ameacha lini kumeza hizi?» Mwili uliozoea baclofen ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, njozi, homa kali, hata kufa. Kwa hiyo:

Usiache ghafla, hata kama umepata nafuu, hata kama fedha zimekwisha. Inapunguzwa na daktari, kidogo kidogo, kwa wiki moja au mbili na pengine zaidi. Weka akiba ya wiki mbili ambayo haiguswi, kwa maana barabara zetu hufungwa na farmasi zetu huishiwa. Andika jina la dawa na dozi kwenye karatasi, uikunje pamoja na kadi yako ya uchaguzi, ili atakayekukuta huwezi kusema ajue.

Hatua ya 7. Maumivu ya neva ni suala jingine. Yanayochoma kama moto au kupiga kama umeme hayasikii sana parasetamoli. Muulize daktari juu ya amitriptilini kwa dozi ndogo ya jioni. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha faida, na wengi huiacha siku ya tano.

Hatua ya 8. Gawa kazi zako. Siku njema huniambia nifue nguo zote. Nikifua zote, nalala siku mbili.

MASWALI YA WASOMAJI (wananiita Yaya, yaani ndugu mkubwa)

Motari wa Nyawera: Yaya, somo ni refu. Mgongo unaniuma, nipe tu jina la dawa ya nguvu na dozi.

Jibu: Hatua ya 1. Mgongo wa mtu anayekaa kwenye pikipiki saa 12 kwa siku si mgongo wangu, wala baclofen haikuhusu.

Motari wa Nyawera: Lakini pale farmasi huwa wananichoma diklofenaki kila Jumamosi na ninapona.

Jibu: Ungekuwa unapona usingerudi kila Jumamosi. Diklofenaki ya muda mrefu hutoboa tumbo na kuharibu figo, na sindano ya tako ikichomwa pabaya hugonga neva kubwa ya mguu. Nimekaa benchi moja na kijana aliyeingia farmasi akitembea akatoka akiburuta unyayo. Na zile pakiti za vidonge vya rangi tatu vinavyouzwa bila jina, naomba uziogope, kwa sababu huwezi kujua kilichomo. Pima mgongo, shuka kwenye pikipiki kila saa mbili, tembea kidogo. Nakuandikia hivi kwa sababu nakujali, mdogo wangu.

Mama wa Panzi: Pole kwa yote, Yaya. Nina mtoto wa miaka sita aliyezaliwa kwa shida, miguu yake hukakamaa. Kwa nini nikimnyoosha haraka mguu hupigana nami, lakini nikienda polepole hukubali?

Jibu: Asante, Mama, swali hili ningependa kuulizwa kila siku. Ndani ya msuli kuna vihisio vinavyopima jinsi unavyovutwa na kwa kasi gani. Ukivutwa ghafla, hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao huamuru msuli ujikaze ili usichanike. Kwa mtu mzima wa afya, ubongo huituliza amri hiyo. Kwa mtoto wako breki ile ya ubongo ni dhaifu, hivyo kila mvuto wa haraka hujibiwa kwa nguvu. Ukienda polepole, vihisio havishtuki. Mvalishe nguo mguu uliokaza zaidi kwanza, mkunjie goti na nyonga kabla ya kumnyanyua, na uulize kinesitherapia kama anahitaji kifaa cha kushika kifundo, kwa sababu msuli wa mtoto usiponyooshwa hubaki mfupi wakati mfupa unarefuka.

Mzee wa Bagira: Mimi usiku mashavu ya miguu hukaza. Rafiki amenishauri kwinini, na hapa Bukavu haikosekani, tunaitengeneza wenyewe.

Jibu: Shikamoo, Mzee. Ni kweli, Pharmakina huitengeneza hapa hapa kutokana na magome ya mkwinini, na ni fahari yetu. Lakini iache ibaki dawa ya malaria. Hata Marekani watu waliitumia kwa mikakamao ya usiku, na mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaonya dhidi ya matumizi hayo, kwa sababu inaweza kushusha chembe zinazogandisha damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Mguu ukikaza, vuta vidole vya mguu kuelekea gotini, au simama ukanyage sakafu, kisha kabla ya kulala nyoosha mashavu hayo ukiegemea ukuta. Na umwonyeshe daktari dawa zote unazomeza, kwa sababu zile za kukojoza huleta mikakamao.

Binti wa Imani: Kanisani tunaingia mfungo wa siku tatu bila kula wala kunywa. Naweza kuacha baclofen siku hizo tu?

Jibu: Hapana. Soma tena hatua ya 6, siku ya tatu.

Binti wa Imani: Nilidhani nguvu ya maombi…

Jibu: Dada, nami ninaomba, na waombezi wangu walikuwa chumbani nilipokuwa naona wasiokuwapo. Meza kidonge kwa maji kidogo na uendelee na maombi yako. Mweleze mchungaji, wangu alinielewa bila mabishano.

Mwalimu kutoka Mwenga: Kijijini kwetu wasichana wawili wa nyumba moja waliamka miguu yote imekakamaa, bila homa wala ajali, na haijazidi wala kupungua. Watu wanasema ni sumu.

Jibu: Mwalimu, uliza walichokula wiki zilizotangulia. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo, ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, na visa vyake vimeonekana pia hapa Kivu Kusini. Huja ghafla, hushika miguu yote miwili kwa usawa, na huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, pale watu wanapokula kwa wiki nyingi muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, huku mboga ya protini ikikosekana. Sumu ipo kweli, lakini imo ndani ya muhogo, wala hakuna jirani aliyeiweka. Wapelekwe hospitali kwanza, ili kifua kikuu cha mgongo kisisingiziwe konzo. Mguu ulioharibika haurudi kama zamani, ila mazoezi na magongo husaidia sana.

Mwalimu kutoka Mwenga: Na wanaobaki nyumbani tuwakinge vipi?

Jibu: Muhogo ulowekwe siku tatu au nne ndipo uanikwe. Kama unga umekwisha kusagwa na mna shaka nao, utie bakulini, weka alama usawa wa unga, changanya na maji hadi unga uliolowa urudi kwenye alama ile, kisha utandaze kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu huondoka na hewa. Upike siku hiyo hiyo, na mle na maharagwe au ndagala, yaani dagaa.

Mama wa Panzi: Yaya, nami niongeze: nikisafiri na mtoto kwa pikipiki, namfunga kwa kitenge mgongoni huku magoti yamekunjwa, na mashimo ya barabara hayamkakamazi tena.

Jibu: Ni kwa sababu ya mkunjo wa nyonga, Mama, umeugundua mwenyewe. Mimi hukojoa kabla ya kupanda, hata kama sijisikii, kisha namwomba motari apite njia ya juu, ambayo ni ndefu lakini haina mawe.